KINGA YA KUAZIMA

Wazee wetu walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Maana yake twaifahamu: kitu cha mwenzio hakikukai kama chako, tena mwenyewe aweza kukitaka wakati wowote, nawe ukafedheheka mbele ya watu. Ni maneno ya kweli. Lakini mtu aliyenyeshewa na mvua usiku, naye yuko mbali na kwao, akiazimwa shuka na mwenye nyumba hamtolei mithali hiyo. Hujifunika, akapata joto, na asubuhi huondoka akiwa mzima. Jioni hii nataka kuwasimulia habari za kitu cha kuazima kilichookoa watu wengi kwa namna hiyohiyo. Kitu hicho ni nguvu ya kushinda ugonjwa, iliyotolewa katika mwili mmoja ikatiwa katika mwili mwingine.

Sote twajua ya kuwa yako maradhi ambayo mtu akiisha kuyaugua na kupona, hayampati tena. Mtoto aliyeugua surua akapona, hulala kitanda kimoja na nduguye mwenye surua, wala asidhurike. Jambo hili lilijulikana tangu kale, na zamani za ndui watu waliokwisha kupona ndio waliowauguza wagonjwa. Lakini nguvu hiyo hukaa wapi? Katika nyama, au katika mifupa, au katika damu? Na je, yaweza kutolewa kwa huyu aliyepona, akapewa yule aliye hatarini? Maswali hayo yalikaa bila jibu mpaka mwaka wa 1890. Jibu lake lilitafutwa kwa bidii kwa sababu ya ugonjwa mmoja uliokuwa ukiwamaliza watoto wa Ulaya.

Ugonjwa huo ni dondakoo. Huanza kama mafua, mtoto akaumwa koo na kupata homa kidogo. Baada ya siku mbili tatu utando wa rangi ya majivu huota kooni, ukazidi kuwa mnene. Shingo huvimba, pumzi ikawa nyembamba, na mwisho mtoto hukosa hewa mbele ya macho ya mama yake. Madaktari wa zamani hizo walikuwa na njia mojawapo ya kumsaidia, nayo ni kupasua koo chini ya ule utando na kutia mrija wa kupitisha hewa. Wengine walipona kwa njia hiyo. Wengine walikufa vilevile siku chache baadaye, kwa kuwa moyo ulisimama ghafula. Madaktari wakatatizika sana. Koo limefunguliwa, hewa inapita, mbona moyo umesimama?

Mwaka wa 1884 Mjerumani mmoja, Friedrich Löffler, alifaulu kuvikuza vijidudu vya dondakoo nje ya mwili wa mtu. Alipowatia wanyama vijidudu hivyo, wanyama wakafa. Lakini alipowapasua, aliviona mahali pale pale alipovitia tu. Katika moyo na ini havikuwamo, ingawa viungo hivyo vilikuwa vimeharibika. Löffler akadhani ya kuwa vijidudu hutoa sumu, na sumu ndiyo isafiriyo.

Mwaka wa 1888, katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, Emile Roux na Alexandre Yersin waliithibitisha dhana hiyo. Walivikuza vijidudu katika mchuzi, kisha wakauchuja mchuzi huo katika chujio la kaure lenye matundu madogo mno, hata kijidudu hakiwezi kupita. Mchuzi uliotoka ulikuwa safi. Hata hivyo mnyama aliyepigwa sindano ya mchuzi ule alikufa kwa dalili za dondakoo. Basi ikafahamika ya kwamba kijidudu cha dondakoo ni kama nyoka: jino lake huuma mguuni, bali sumu yake huufikia moyo. Kumpiga nyoka aliyekwisha kuuma hakumponyi aliyeumwa. Yatakiwa dawa ya sumu.

Sasa twende Berlin, mji mkuu wa Ujerumani, katika chumba cha uchunguzi cha daktari mashuhuri Robert Koch. Huko walikuwako wanafunzi wake wawili waliozaliwa mbali sana mmoja na mwenziwe. Wa kwanza, Emil Behring, alizaliwa mwaka wa 1854, mtoto wa mwalimu wa shule ya kijijini. Nyumbani kwao watoto walikuwa 13, na mshahara wa baba haukutosha kumsomesha udaktari. Basi akasoma kwa gharama ya jeshi, akawa daktari wa askari. Wa pili, Shibasaburo Kitasato, alizaliwa mwaka wa 1853 katika milima ya kusini mwa Japani, na serikali ya nchi yake ilimpeleka Ujerumani ajifunze. Mwaka wa 1889 Kitasato alifanya jambo lililowashinda wengi: alivitenga vijidudu vya pepopunda na vijidudu vingine, akavikuza peke yake mahali pasipo hewa.

Pepopunda, kama dondakoo, huua kwa sumu. Basi Behring na Kitasato wakafanya jaribio ambalo hata mwanafunzi wa shule aweza kulielewa. Walimzoesha sungura pepopunda kidogo kidogo, mpaka ikawa haimdhuru. Wakatoa damu yake, wakawatia panya wachache tumboni. Siku ya pili waliwatia panya hao vijidudu vikali vya pepopunda, na panya wengine ambao hawakupewa damu ya sungura wakatiwa vijidudu vivyo hivyo. Hazikupita siku mbili, panya wale wasiopewa damu wakakakamaa na kufa. Waliopewa damu wakaendelea kula na kukimbia kama kawaida.

Tazameni maana yake. Panya wale hawakupata kuugua pepopunda, wala miili yao haikujifunza kupigana nayo. Walikuwa wameazimwa nguvu za sungura, na nguvu zile zilikuwa katika damu. Habari hiyo ilipigwa chapa tarehe 4 Desemba 1890, katika gazeti la madaktari wa Ujerumani, na chini yake yalikuwapo majina mawili, la Mjerumani na la Mjapani.

Mtu aliyepata kuchinja mbuzi ameona ya kuwa damu ikiachwa bakulini huganda, na juu yake hujitenga maji ya rangi ya manjano. Maji hayo huitwa seramu. Behring na Kitasato waliona ya kuwa nguvu ya kuzuia sumu imo katika maji hayo, hata yasipokuwa na damu nyekundu. Leo twajua kilichomo ndani yake: ni vitu vidogo sana, visivyoonekana kwa macho, viitwavyo kingamwili. Mwili wa mnyama au mtu huzitengeneza ukiisha kukutana na adui, na kila kingamwili ina umbo lake. Kama ufunguo usivyoingia ila katika kufuli yake, kingamwili ya pepopunda huishika sumu ya pepopunda tu, na ya dondakoo huishika sumu ya dondakoo tu. Sumu iliyokwisha kushikwa haiwezi kuingia katika nyama ya mwili. Lakini sumu iliyokwisha kuingia katika nyama haitolewi tena na kingamwili. Neno hili mlishike vizuri, maana tutalirudia.

Kumwokoa panya ni jambo moja, kumwokoa mtoto ni jambo jingine. Sungura ni mdogo, damu yake hainei kitu. Tena seramu za kwanza zilikuwa dhaifu, na hakuna aliyejua mgonjwa apewe kiasi gani. Hapo alitokea mtu wa tatu, Paul Ehrlich, Mjerumani, aliyezaliwa mwaka mmoja na Behring. Dawa isiyo na kipimo ni kama biashara ya mchele isiyo na kibaba wala pishi; muuzaji na mnunuzi wote hawajui walichopeana. Ehrlich aliweka kipimo cha seramu, hata chupa iliyotengenezwa Berlin na chupa iliyotengenezwa mji mwingine zikaweza kulinganishwa. Akaonyesha pia namna ya kumwongezea mnyama sumu hatua kwa hatua mpaka seramu yake iwe na nguvu nyingi.

Mnyama aliyefaa kwa kazi hiyo alikuwa farasi. Ni mkubwa, ana damu nyingi, na huvumilia sindano. Alitiwa sumu ya dondakoo kidogo sana, kisha akaongezewa, kisha akaongezewa tena, kwa muda wa wiki nyingi. Damu yake ilipokuwa imejaa kingamwili, ilitolewa lita kadhaa katika mshipa wa shingo, na farasi akaachwa apumzike na kula. Hakuchinjwa. Farasi mmoja aliweza kuwalisha watoto wengi dawa kwa miaka, kama ng'ombe wa maziwa.

Mwaka wa 1894 Roux, yule yule aliyeichuja sumu, aliipeleka seramu ya farasi katika hospitali ya watoto mjini Paris. Kabla ya hapo, katika kila watoto 100 walioingia hospitali hiyo kwa dondakoo, 50 hivi walikufa. Kuanzia mwezi wa Februari mpaka Julai watoto 448 walipewa seramu, na waliokufa walikuwa 109, yaani chini kidogo ya robo. Wakati huohuo ilikuwako hospitali nyingine katika mji ule ule ambako seramu ilikuwa haijafika. Huko walikufa 60 katika kila 100. Roux alizisoma hesabu hizo mbele ya mkutano wa madaktari mjini Budapest mwezi wa Septemba, na katika miezi michache seramu ikatakiwa kila mahali Ulaya na Marekani.

Mwaka wa 1901 tuzo ya Nobel ya udaktari ilitolewa kwa mara ya kwanza duniani, ikapewa Behring kwa kazi hii. Kitasato hakupewa. Yeye alikuwa amekwisha kurudi kwao mwaka wa 1892, akafundisha na kuanzisha chuo cha utafiti. Wajapani hawakumsahau: tangu mwaka wa 2024 sura yake imo katika noti yao ya yeni 1,000.

Nisingekuwa mkweli kama ningesimulia mema tu. Mwaka ule ule wa 1901, katika mji wa St. Louis, Marekani, alikuwako farasi mmoja aliyeitwa Jim. Zamani alikuwa akivuta gari la maziwa, kisha akawa mtoaji wa seramu ya dondakoo. Mwanzo wa mwezi wa Oktoba Jim aliugua pepopunda, akauawa. Seramu iliyotolewa katika damu yake siku chache kabla ya hapo ilipaswa kumwagwa. Haikumwagwa yote. Baadhi yake ilitiwa chupani bila kujaribiwa kwanza kwa wanyama, ikapelekwa kwa madaktari, nao wakawapiga watoto sindano. Watoto 13 walikufa, si kwa dondakoo, bali kwa pepopunda iliyotoka katika dawa yenyewe.

Kosa halikuwa la farasi, wala halikuwa la elimu ile. Lilikuwa la watu waliofanya haraka wasikague kazi yao. Mwaka wa 1902 Marekani ilitoa sheria ya kwamba watengenezaji wa seramu na chanjo wawe na leseni, wakaguliwe, na kila chupa iwe na tarehe yake. Leo ukitazama chupa ya dawa ukaona tarehe ya mwisho wa kutumika, kumbuka ya kuwa desturi hiyo ilinunuliwa kwa roho za watoto.

Nimesema kwamba kingamwili haitoi sumu iliyokwisha kuingia katika nyama. Kwa hiyo seramu ni dawa ya kuwahi. Hakuna habari ionyeshayo neno hili vizuri kuliko ile ya mji wa Nome, ulio katika Alaska, kaskazini kabisa mwa Marekani. Mwezi wa Januari mwaka wa 1925 dondakoo liliingia mjini humo. Daktari alikuwa mmoja tu, Curtis Welch, na seramu aliyokuwa nayo ilikuwa imepita tarehe yake. Bahari ilikuwa imeganda, meli hazipiti, na ndege za siku hizo hazikuweza kuruka katika baridi ile. Seramu ilipatikana katika mji wa Anchorage, ikachukuliwa kwa gari la moshi mpaka kituo kimoja cha reli. Kutoka hapo hadi Nome zilikuwapo kilomita zaidi ya 1,000 za theluji tupu. Wachukuzi 20 wakapokezana, kila mmoja na sledi yake ivutwayo na mbwa. Wachukuzi wa barua walizoea kuimaliza safari ile kwa wiki tatu na zaidi. Hao waliimaliza kwa muda usiotimia siku sita. Tarehe 2 Februari seramu iliingia Nome, imeganda kama jiwe. Ikayeyushwa, nayo ikafaa.

Sasa turudi kwenye mithali yetu. Seramu ni nguo ya kuazima, na nguo hiyo ina kasoro mbili. Ya kwanza, haikai. Kingamwili za farasi hudumu wiki chache tu katika mwili wa mtu, kisha huisha, na mtu akabaki kama alivyokuwa. Ya pili, mwili huitambua kuwa ni ya mgeni. Wagonjwa wengi waliopewa seramu ya farasi walipatwa na homa, vipele na maumivu ya viungo siku kadhaa baadaye, na wachache walizirai papo hapo na kufa. Kwa hiyo watu wenye akili wakauliza: je, hatuwezi kumfundisha mtoto kushona nguo yake mwenyewe kabla ya baridi kuja?

Mwaka wa 1923 Mfaransa Gaston Ramon aliionyesha njia. Aliichanganya sumu ya dondakoo na dawa iitwayo formalini, akaitia joto siku nyingi, mpaka ikawa haina madhara, lakini umbo lake likabaki. Mtoto akitiwa kitu hicho, mwili wake hudhani ya kuwa adui amefika, ukatengeneza kingamwili zake wenyewe, nazo hudumu miaka. Hiyo ndiyo chanjo ya dondakoo, na ya pepopunda ilitengenezwa kwa njia iyo hiyo. Katika nchi zetu zimo pamoja katika sindano ambayo mtoto huanza kupewa akiwa na umri wa wiki sita. Mahali ambapo watoto wengi hawapewi chanjo, dondakoo hurudi, kama lilivyorudi Nigeria mwaka wa 2023. Na hapo madaktari hutafuta tena seramu ya farasi, nayo ni haba.

Lakini kuna watu wasioweza kungoja nguo yao ishonwe. Wa kwanza ni mtoto mchanga. Mwili wake haujajifunza kitu, na pepopunda yaweza kumwingia kwenye kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu. Hapo mama ndiye amwazimaye. Mama mjamzito apigwapo sindano ya pepopunda, kingamwili anazotengeneza hupita katika kondo la nyuma zikamfikia mtoto tumboni, naye huzaliwa amekwisha kuvikwa. Tena katika maziwa ya kwanza, yaitwayo dang'a, zimo kingamwili nyingine. Ehrlich alilionyesha jambo hili kwa panya mwaka wa 1892, alipowabadilishana watoto wa panya kwa mama zao: walionyonya kwa mama mwenye kinga walipata kinga, ingawa hakuwazaa yeye. Basi wale wawaambiao wazazi kuyakamua na kuyamwaga maziwa hayo mazito ya manjano, ati ni machafu, wamnyima mtoto urithi wake wa kwanza.

Wa pili ni mtu aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Akiisha kuosha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa muda wa dakika 15, na aende hospitali upesi. Huko hupewa chanjo. Na jeraha likiwa baya, hutiwa kingamwili zilizo tayari pale pale jerahani, ili zimlinde siku ambazo mwili wake bado unajifunza.

Tena yako maradhi yaliyokuja ambayo hayakuwa na dawa wala chanjo. Hapo habari yetu yatoka Ulaya na Marekani, yaingia Kongo.

Mwaka wa 1995 ugonjwa wa Ebola ulizuka katika mji wa Kikwit, nchi ya Kongo, ambayo wakati huo iliitwa Zaire. Katika kila watu watano waliougua, wanne hivi walikufa. Alikuwako huko daktari Mkongo, Jean-Jacques Muyembe, aliyeujua ugonjwa huo tangu ulipotokea mara ya kwanza huko Yambuku mwaka wa 1976. Yeye na wenzake waliwaza kama walivyowaza Behring na Kitasato: ikiwa waliopona wana kingamwili, kwa nini wasiwaazime wanaougua? Wakachukua damu ya waliopona, wakawatia wagonjwa wanane. Saba wakapona.

Wataalamu wengine walitia shaka. Walisema ya kuwa wagonjwa wanane ni wachache, tena walitunzwa vizuri kuliko wenzao wa mwanzo, na baadhi yao walikuwa wamekwisha kuzivuka siku za hatari kabla ya kutiwa damu. Shaka hiyo ilikuwa na haki, kwa kuwa dawa haithibitishwi kwa tumaini. Lakini swali lilikuwa limekwisha kuulizwa, na majibu yake yalihitaji zana mpya.

Zana hiyo ilikuwa imeanzia Cambridge, Uingereza, mwaka wa 1975. Georges Köhler na César Milstein waliunganisha seli moja, yaani chembe hai, itengenezayo kingamwili, na seli nyingine isiyokoma kuzaana. Wakapata kizazi cha seli kitengenezacho kingamwili ya namna moja tu, siku zote, bila kuhitaji farasi. Tangu hapo zimepatikana njia mbalimbali za kuchagua kingamwili moja iliyo bora na kuitengeneza kwa wingi katika matangi.

Miaka 11 baada ya maafa ya Kikwit, mtu mmoja aliyepona alitoa damu yake ichunguzwe. Kingamwili za Ebola zilikuwa zingalimo. Wataalamu wa Kongo, Marekani na Uswisi wakazitafuta seli zake, wakapata kingamwili moja yenye nguvu sana, wakaipa namba 114. Nyani waliotiwa Ebola, wakapewa kingamwili hiyo hata siku ya tano, walipona.

Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa ya kuwa Ebola imeingia Kivu ya Kaskazini, na ikafika hata Ituri. Huko watu wengi husema Kiswahili, nao walikuwa wamechoshwa na vita vya miaka mingi. Kulikuwa na hofu na uvumi. Wengine walisema ya kuwa ugonjwa umeletwa kwa ajili ya fedha, na mwezi wa Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Katikati ya mashaka hayo madaktari wa Kongo na wageni walianza kuzijaribu dawa nne, wakaipa kazi yao jina la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. Kazi ilianza mwezi wa Novemba 2018, na wagonjwa 681 waliingia katika jaribio hilo, katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Muyembe alikuwa mmoja wa viongozi wake.

Mwezi wa Agosti 2019 jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu jibu lilikuwa limeonekana. Katika dawa mbili zilizoshindwa, karibu nusu ya wagonjwa au zaidi kidogo walikufa. Waliopewa ile namba 114, iliyotoka katika damu ya mtu wa Kikwit, walikufa 35 katika kila 100. Na waliopewa mchanganyiko wa kingamwili tatu uliotoka kwa panya waliotengenezwa kwa kazi hiyo, walikufa 34. Mwaka wa 2022 Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza dawa hizo mbili zitumike.

Hesabu hizo mtu aweza kuziona si kubwa. Lakini ndani yake imo hesabu nyingine, nayo ndiyo ninayotaka mwende nayo nyumbani. Wale waliofika wakiwa na virusi vichache damuni, wakapewa mojawapo ya dawa hizo mbili, waliokufa walikuwa 10 au 11 tu katika kila 100. Na kila siku mgonjwa aliyokaa nyumbani kabla ya kufika kituoni ilimzidishia hatari ya kufa. Neno lililokuwa kweli kwa watoto wa Paris na wa Nome lilikuwa kweli kwa watu wa Beni na Butembo. Kingamwili huzuia kisichokwisha kuingia. Shuka ya kuazima humfaa aliyebisha hodi kabla baridi haijamwua.

Kwa hiyo, wazazi, wapelekeni watoto kupata chanjo, wawe na nguo zao wenyewe. Akina mama wajawazito, msiiache sindano ya pepopunda. Na ikitokea siku ya ugonjwa mgeni, au mbwa mwenye kichaa, au utando wa majivu kooni mwa mtoto, msingoje kuona kesho itakuwaje. Ngojangoja huumiza matumbo. Yule sungura wa Berlin, na farasi wa Paris, na mtu wa Kikwit aliyenyosha mkono wake akatoa damu miaka 11 baada ya kupona, wote wamekwisha kutoa walichokuwa nacho. Kilichobaki ni sisi kufika kwa wakati.